Ombi la Kurudishiwa Binti Yangu kwenye Cherehani

Kwa Mheshimiwa Mkuu wa Kazi wa binti yangu,

Salamu nyingi. Sisi nyumbani wazima. Mkwe wangu mzima ila mgongo, mjukuu mkubwa mzima, wale pacha wazima na kelele zao, nami mzima wa kujikongoja. Cherehani tu ndiyo hoi, imefunikwa shuka kama maiti. Hofu yetu ni kwenu mnaoshinda ndani ya viyoyozi.

Mheshimiwa, shule yangu iliishia darasa la nne, nikikosea nisamehe. Nasikia Ijumaa unaamua kama umwajiri binti yangu moja kwa moja au umwache aende zake. Naomba umwache. Ameshona sare za shule miaka kumi na mmoja. Huku kuandika programu za kompyuta amekuanza juzi tu. Sababu zangu ni hizi:

1. Anakaa kitini kutwa nzima, kisha anarudi anasema amechoka. Mwanamke aliyezaa pacha na wiki ya pili akawa kwenye cherehani, leo anachoshwa na kiti!

2. Ile picha yenu ya ukutani mmemweka mbele kabisa, mweusi peke yake, meno yote nje. Kwenye kikao yuko nyuma, na neno lake halisikiki mpaka jirani yake alirudie. Kama mnatafuta pambo, nina kitambaa kizuri cha meza, nitawaletea.

3. Wajukuu wameharibika. Nikiuliza nani kamwaga maziwa, naambiwa kama mama yao anavyoiambia kompyuta, "Bibi, tulia, twende hatua kwa hatua."

4. Hili ndilo kubwa. Mlimpa bata wa plastiki, eti programu ikigoma amweleze bata mstari kwa mstari, kosa litajitokeza lenyewe. Watu wazima na akili zenu! Sasa bata anaoga na pacha, anayeelezwa ni mimi. Jumanne nachambua maharage, ananieleza programu ya kliniki ya kuwakumbusha kina mama siku za chanjo: jina la mama, tarehe ya mtoto kuzaliwa, mtoto akijirudia kwenye orodha anafutwa. Nikamwuliza, mwanangu, hawa wetu wawili, mama mmoja, siku moja, anafutwa nani? Akanikodolea macho, akakimbilia kompyuta, chakula kikapoa. Hata asante sikupata.

Kwa hayo yote, nirudishieni mtoto. Wasalimie wote hapo. Yule mlinzi aliyemwuliza binti yangu kama amekuja kufagia naye msalimie, mwambie huyo binti mama yake yupo. Nijibu upesi, Ijumaa isifike.

Ni mimi, mama yake mzazi.

Nyongeza: Asubuhi hii amenionyesha, pacha wote wawili wamo, hakuna aliyefutwa. Sasa imegoma nyingine, ya wazee wasioijua tarehe waliyozaliwa, nami ni mmoja wao. Mheshimiwa, usimwache aende, tutaishia njiani. Karatasi nyingine sina, kwa hiyo hayo ya juu yaruke. Bata wenu yumo ndani ya bahasha. Huku kwetu hana kazi tena.