Sungura Wangu Amekuwa Mpole Kuliko Tulivyokubaliana

Kwa Daktari wa Wanyama,
Zahanati ya Wanyama,
Chumba cha kwanza kushoto.

Ndugu Daktari,

YAHUSU: MALALAMIKO DHIDI YA UPOLE WA SUNGURA

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni karani mstaafu wa masjala. Kwa miaka thelathini na mmoja nimepokea, nimepanga na nimehifadhi malalamiko ya watu wengine, wala sikuwahi kuandika la kwangu. Hili ndilo la kwanza, kwa hiyo naomba lisomwe polepole.

Utakumbuka kwamba wiki tisa zilizopita nilikuletea sungura jike wa kijivu, mwenye sikio moja lililolala, ambaye nyumbani tunamwita Afande. Ulimtoa kizazi. Ulinieleza kwamba sungura jike asipofanyiwa hivyo huwa hatarini kupata saratani akizeeka, nami nikatia sahihi kwa sababu hiyo tu. Halafu, nikiwa tayari mlangoni na kikapu mkononi, ukaongeza: "Na baada ya wiki kadhaa hasira zitapungua, mzee. Atakuwa na mapenzi." Maneno hayo hayamo kwenye fomu. Nimeisoma fomu mara nne, mbele na nyuma.

Madhara yaliyotokea ni haya yafuatayo:

1. Afande alikuwa na kazi. Watu wengine mgeni wao humpa jembe siku ya tatu. Sisi hatuna shamba. Tulikuwa na Afande. Mgeni akishaketi kwenye kochi, Afande alitoka chini ya kabati, akanguruma, akamzunguka miguu mara mbili, kisha akamng'ata kisigino. Binamu wa mke wangu aliyekuja kukaa mwezi mzima alikaa dakika arobaini, na chai yake hakuimaliza. Mimi sijawahi kumfukuza mgeni maishani mwangu, Daktari. Jengo zima linanijua kwa ukarimu.

2. Wiki ya tano baada ya upasuaji alifika shemeji yangu, kaka wa mke wangu, fundi wa majokofu, akiwa na begi moja na mswaki mfukoni. Kiwanda cha barafu alichokuwa akifanyia kazi kilikuwa kimefungwa. Akasema anapita tu. Nilimkaribisha kwa moyo mkunjufu, nikamkalisha kwenye kochi, nikaketi mkabala wake kusubiri. Afande akatoka. Akamzunguka mara moja. Akamzunguka mara ya pili. Nikashika kikombe changu kwa mikono miwili. Afande akajitupa ubavu juu ya kiatu cha shemeji, akafumba macho.

"Jamani, kanipenda!" akasema shemeji.

Hii ni wiki ya nne yupo.

3. Shemeji hawezi kuinuka. Nikimwambia twende sokoni, hunijibu kwa sauti ya chini: "Shemeji, ningekuja, lakini si unaona amelala?" Kuosha vyombo: amelala. Jokofu letu linakohoa kama mvuta tumbaku, na fundi wa majokofu yuko hatua sita tu kutoka hapo: amelala. Nilipendekeza sungura aamshwe. Mke wangu alinitazama kana kwamba nimependekeza tumuuze mama yake.

4. Ulinzi wote wa nyumba umeporomoka. Mama wa ghorofa ya juu, ambaye zamani aliazima pasi akiwa amesimama kwenye ngazi, sasa huingia, huketi, na hupigia nguo zake pasi papa hapa, huku Afande akimlamba kidole gumba cha mguu. Msoma mita ya maji alikaa kwetu saa nzima. Mita yenyewe iko nje.

5. Mke wangu ameanza kunilinganisha. Juzi nilipopandisha sauti kidogo kuhusu taulo langu, ambalo shemeji hulitumia, alisema, "Hata Afande amebadilika." Kisha akaniuliza, bila kucheka, kama zahanati yako inapokea makarani. Naomba jibu la hapana, kwa maandishi, lenye muhuri.

6. Hili ni dogo, ndiyo maana nimeliweka mwisho. Anayemlisha ni mimi. Miaka minne sasa, asubuhi na jioni: nyasi kavu, maji, majani ya karoti. Ameniuma mara kumi na tisa, tarehe ninazo. Sikulalamika, kwa sababu alimuuma kila mtu, na penye usawa mtu huvumilia. Sasa anamlamba msoma mita. Anamlamba mama wa pasi. Mimi ananipita kama mguu wa meza.

Nilikupigia simu kuhusu hilo, nikijifanya nauliza kwa niaba ya jirani. Ukasema jirani akae sakafuni, asimguse, asubiri. Nina miaka sitini na minne, Daktari. Nilikaa. Nilikaa asubuhi tatu mfululizo, mgongo ukutani, gazeti mkononi. Asubuhi ya tatu alikuja, akaninusa goti, akachana kona ya gazeti, akaipeleka kwa shemeji.

Kutokana na hayo, naomba utekeleze mojawapo ya haya: umrudishie Afande kizazi chake, iwapo bado kimehifadhiwa (sisi masjala hatukutupa kitu kabla ya miaka saba), au umwazimie hasira za sungura mwingine asiyezihitaji, au, yote yakishindikana, umpige shemeji sindano yoyote itakayomfanya anuke kama mbwa. Yeye mwenyewe hatakuwa na pingamizi, mradi asilazimike kuinuka.

Nakala ya barua hii nimeiweka kwenye jalada, na jalada liko juu ya kabati.

Nisalimie msaidizi wako mwenye miwani, bibi anayefagia hapo nje, na yule kasuku asiye na mkia. Huku kwetu wote ni wazima na wana furaha, na hayo ndiyo malalamiko yenyewe.

Ni mimi, ambaye subira yake imebaki kidogo,

Karani Mstaafu wa Masjala,
Ghorofa ya pili, mlango wa kijani.

Baada ya kuandika: Nilikuwa natafuta gundi ya bahasha nilipomkuta shemeji amekaa sakafuni, Afande hatua chache mbele yake. Akaniambia, "Keti, shemeji. Usimwite. Weka mkono chini, halafu tazama kwingine." Nikaweka mkono, nikatazama dirishani. Sijui ulipita muda gani, ila nilihesabu nguo zote zilizoanikwa jengo la pili. Kisha nikahisi ulimi kwenye kifundo cha mkono, mdogo, wa moto. Sikugeuka.

Halafu shemeji akasema amepata kazi ng'ambo ya mji, na chumba cha kupanga karibu nayo, na kwamba anahama Jumatatu.

Daktari, sijui ni nini kilichonipata. Nimemwambia haiwezekani. Nimemwambia kazini aende akitokea hapa hapa, kwa sababu wewe umeagiza asitenganishwe na Afande mpaka ipite miezi mitatu kamili, la sivyo mshono utafumuka. Amesema kesho atakupigia simu kuhakikisha.

Tafadhali, kuwa mkali.