Sakafu ya Mama na Mashine Yangu Yenye Akili

Jumatatu, 18 Novemba

Habari njema! Sakafu ya Mama imepasuka.

Si njema kwa Mama, bila shaka. Nyumba yake ya mlimani kule Jeongseon bado inapashwa moto kwa kuni, moshi ukipita chini ya sakafu. Sasa kuna ufa, na moshi unatokea pale pale anapolala. Miaka yote tumembembeleza ashuke mjini, akakataa katakata. Jana kakubali. Majira haya ya baridi atakaa kwa mmoja wetu. Ataonja kwangu kwanza, kisha kwa Kaka Du-cheol. Siku ya kutengeneza kimchi, ile kabichi ya kuchachusha ya majira ya baridi, ukoo mzima ukiwa hapa, atatamka anabaki wapi.

Lazima iwe kwangu. Naandika waziwazi maana hapa hasomi mtu: namtaka mama yangu. Mimi ni wa pili kuzaliwa. Koti jipya lilikuwa la kaka, mimi nikalipata likishatoboka viwiko. Safari hii na mimi nianze.

Tatizo ni moja. Kaka anakaa ghorofa ya kumi na tisa, ng'ambo ya mto, jengo jipya, na nyumba yake anaiongelesha. Akisema joto, joto linakuja. Mimi nina nyumba ya chini, kuukuu, nyuma ya duka langu la udobi hapa Wonju, na boila yangu, inayochemsha maji ya kupasha sakafu, inakoroma.

Nikawaza huku napiga pasi. Jibu likaja: kidhibiti joto chenye akili! Kinabandikwa ukutani, kinaendeshwa kwa simu, kinajifunza tabia za wenye nyumba na kuamua chenyewe sakafu ipate moto saa ngapi. Nimekiagiza papo hapo. Mke wangu Yeong-nim akauliza kwani cha zamani kimeharibika. Nikasema hapana. Akauliza, sasa? Nikamwambia haya ni mambo ya kutazama mbele. Akasema sawa, Baba Eun-sol, tazama mbele yako basi, suruali ya watu inaungua.

Ilikuwa inaungua.

Jumatano, 20 Novemba

Kimefika. Kimefungwa! Nimekifunga mimi mwenyewe. Fundi wa nini? Nyaya ni mbili tu.

Cha zamani kilikuwa sebuleni, pembeni, mahali pasipo na heshima. Nimevuta nyaya hadi ukuta wa jikoni unaotazama mlango. Kaka akiinama kuvua viatu, akiinuka tu, macho yake yanakutana nacho. Kina mwanga wa buluu na tarakimu kubwa. Kilipowaka nilijikuta nimekiinamishia kichwa, kama vile tunatambulishana. Yeong-nim alicheka mpaka akakaa chini.

Acheke. Asiyekubali kushindwa si mshindani.

Ijumaa, 22 Novemba

Mama amefika kwa basi, na mitungi miwili ya soya iliyochachushwa ambayo hakumruhusu dereva aiguse. Miaka themanini na moja! Akavua viatu. Kidhibiti hakukitupia hata jicho. Akapiga magoti, akaanza kupitisha kiganja sakafuni, chumba kwa chumba, chini ya mablanketi, kama mtu aliyedondosha sindano. Nikamuuliza anatafuta nini. Akasema anatafuta pale penye moto, mahali pa kuketi mkubwa wa nyumba.

Nikapata nafasi yangu. Nikamweleza kwamba hayo ya kona moja kuunguza na nyingine kuganda ni ya zamani, sasa joto linagawanywa sawasawa, kila mahali ni sawa na kila mahali. Mama akafikiri. Akauliza, kama kila mahali ni sawa, mgeni atamkaribisha akae wapi? Na bakuli la wali la mtu aliyechelewa ataliweka wapi lisipoe?

Nikapekua kitabu cha maelekezo. Hakina jibu la hilo.

Jioni Kaka Du-cheol na Shemeji Hye-ran wakaja kula. Nilikuwa nimejiandaa kusimama karibu na kidhibiti kwa namna ya kawaida. Kikasoma ishirini na saba! Lakini mbona tulikuwa tunatetemeka? Mama alishika bakuli la supu kwa mikono miwili na hakulishusha. Kaka alikula na koti lake mwilini, akauliza kwa upole kama tumefungua madirisha ili kupitisha hewa. Nikajibu ndiyo, kwa ajili ya afya. Madirisha yalikuwa yamefungwa, na wote waliyaona.

Baada ya wao kuondoka Yeong-nim akanionyesha jikoni kwa kidole. Chini ya kidhibiti nimeweka sufuria ya umeme ya wali. Mvuke wote unapanda na kukipiga usoni. Kilidhani nyumba nzima inachemka, kikazima boila.

Jumamosi, 23 Novemba

Nimekirudisha sebuleni, pembeni. Kwenye ukuta wa jikoni limebaki tundu la ukubwa wa ngumi. Nimelifunika kwa kalenda. Mama ameipenda kalenda.

Leo joto lipo. Mambo yanakwenda vizuri! Mama kasema usingizi ulikuwa si mbaya. Kutoka kwa Mama, hiyo ni sifa kubwa.

Jumatatu, 25 Novemba

Asubuhi nimegundua uwezo mwingine: kidhibiti kinatambua kama nyumba ina watu au haina. Kinatazama simu zilipo. Simu zikitoka, kinapunguza moto, zikirudi, kinawasha. Nikawasha huduma hiyo. Nikashinda dukani na Yeong-nim, nikawaonyesha wateja. Bwana mmoja aliyeleta suti ya harusi alivutiwa sana, au alikuwa anasubiri chenji.

Jioni nikarudi. Mama alikuwa ameketi katikati ya sebule na koti, kofia ya sufu na glavu, miguu kaifunga kwa mapazia ya mteja yaliyokuwa yanasubiri kufuliwa. Nikapiga ukelele. Akasema nisijali mwanangu, nyumba ni nzuri, inafanana na uani kwake tu.

Nikatazama kidhibiti. Kimeandika: HAKUNA MTU NYUMBANI.

Hakuna mtu! Mama aliyenibeba mgongoni akishuka mlima nina homa! Hana simu, basi hayupo. Nilikikasirikia sana. Kisha nikajikasirikia mwenyewe, kidogo. Kisha nikarudi kukikasirikia.

Yeong-nim alimchemshia Mama maji ya tangawizi, akanipita mimi kama mlango.

Jumatano, 27 Novemba

Suluhisho! Simu ya zamani ya binti yetu Eun-sol, aliyeko chuoni Chuncheon. Nimeishonea mfuko ndani ya kizibao cha Mama. Sasa Mama anahesabika.

Ilifanya kazi hadi saa nne asubuhi. Akaenda ukumbi wa wazee wa mtaa, ambako sakafu inawaka kama kikaango na wazee wanageuzana kama samaki. Akaona joto, akavua kizibao, akakitundika, akarudi nyumbani bila kizibao. Kidhibiti kikaona nyumba tupu. Tulipofunga duka tukamkosa. Alikuwa amerudi ukumbini. Mwenyekiti wa wazee akaniambia mbele ya watu kwamba mama yangu ni mcheshi sana, anakaribishwa wakati wowote, hata akitaka kuhamia.

Yaani nashindana na kaka, na sasa nashindana na ukumbi!

Usiku wa leo analala kwa Du-cheol. Ni zamu yake. Kaka ametuma picha: Mama kajilaza sakafuni, mikono kaitandaza. Chini kaandika, "Usijali, tuko salama." Nimeumia. Naandika hivyo hivyo, nimeumia.

Ijumaa, 29 Novemba

Mama karudi! Yeong-nim akamuuliza kwa kaka kulikuwaje, mimi nikajifanya nakunja mashati.

Akasema kwa Du-cheol kuna joto kila mahali. Kila mtu ana chumba chake, na mlango wake, na mlango umefungwa. Wanakutana kwenye chakula. Jioni aliketi peke yake, akashusha pumzi, akasema "aigoo" yake ya uchovu, na nyumba ikamwuliza anahitaji msaada gani. Akaogopa. Akaiambia hapana, ahsante, akaenda kulala na njaa ya mazungumzo.

Nikasikia kimoja tu: joto kila mahali. Basi kaka kasawazisha. Mimi nitamzidi kwa kumpa Mama kile anachokitafuta: mahali pa moto!

Chini ya sinki la jikoni ndipo mabomba ya maji moto yanapogawanyika, kila chumba na koki yake. Nimefunga zote. Zote isipokuwa ya chumba cha Mama. Kidhibiti kiko sebuleni, sebule itapoa, kitadhani nyumba ina baridi, kitaiamrisha boila iwake bila kupumzika, na moto wote, mpaka tone la mwisho, utakwenda chini ya mgongo wa Mama. Naidanganya mashine yenye akili! Nani sasa mwenye akili?

Kesho ni siku ya kimchi. Kesho anatamka.

Jumamosi, 30 Novemba

Siku gani hii!

Theluji tangu alfajiri. Eun-sol kaja kwa treni, kaka na shemeji kwa gari. Kabichi zilizolala kwenye chumvi zikajaa sebule nzima, na rojo la pilipili kwenye beseni kubwa. Nyumba ilikuwa kaburi. Hewa tukipumua inaonekana. Shemeji alipaka pilipili majani matatu, akasema vidole vyake havijui tena kama ni vyake. Kaka akasema kule nje ya madirisha nadhani kuna joto zaidi. Eun-sol akaniuliza, baba, umefanya nini? Nikasema subirini.

Ndipo harufu ikaja. Kapeti la plastiki la chumba cha Mama limebabuka! Doa la kahawia, kubwa kama sinia. Yeong-nim akaniita kwa jina langu lote, Maeng Ho-cheol, jambo analofanya mara chache na halina mwisho mwema. Kaka akacheka hadi akaegemea ukuta. Nikasema moyoni, basi, kwisha habari yangu.

Lakini shemeji aliingia humo kupasha vidole na hakutoka. Eun-sol akamfuata kumwita, naye hakutoka. Yeong-nim akaenda kuwagombeza. Kimya. Kaka akaingia kwa ajili ya glavu zake. Mwishowe nikabaki mimi na kabichi.

Saa sita sote tulikuwa tumebanana kwenye kile chumba kidogo, na mabeseni yetu, miguu yote chini ya blanketi moja. Tulipaka, tukakunja, tukalishana majani mekundu yaliyofungia nyama ya nguruwe, makali mpaka machozi. Kaka akavuta blanketi. Nikavuta. Akanipiga teke. Tulikuwa watu wa miaka hamsini na kitu, tunapigana mateke! Shemeji akasema hajawahi kumwona mumewe hivi.

Mama akajilaza palepale kwenye doa lililobabuka, akafumba macho, akasema, "Aaah, burudani." Ukigusa pale unaungua, na yeye anaburudika!

Kisha akatamka, macho bado yamefumbwa. Akasema atabaki hapa. Akasema kwa Du-cheol ni kuzuri, asimwelewe vibaya, ila kule kila mtu yuko nyuma ya mlango wake. Tangu baba yetu afariki hajapata kuwa na watoto wake wote chumba kimoja. Sasa amelala hapa, anahisi miguu yetu chini ya blanketi, anajua hii ya nani na hii ya nani. Akasema moto hautafuti kwa ajili ya mgongo tu. Anautafuta kwa sababu watu huufuata.

Kaka akafuta pua. Akasema basi atakuwa anakuja Jumapili, na shemeji akasema na Jumatano.

Nikasema nakwenda kuangalia mitungi uani. Nikasimama kwenye theluji, nikalia kwa furaha. Mama kanichagua mimi!

Jumapili, 1 Desemba

Nimekuwa na usiku wa kutafakari ushindi wangu. Lazima mtu ajue kwa nini ameshinda, ili ashinde tena.

Ni wazi kabisa. Ni koki. Chumba kimoja chenye moto wake kimemfurahisha Mama kiasi kile. Je, vikiwa vyote? Kosa la jana lilikuwa msongamano. Watu sita kwenye chumba kile! Kiwiko cha shemeji kilikuwa kwenye supu yangu. Ni aibu kwa mwenye nyumba.

Kaka na shemeji wamekuja tena leo, wala hakuna aliyewaalika. Sasa hivi wote wako chumbani kwa Mama, wanacheza karata chini ya lile blanketi. Nasikia vicheko. Mama ananiita kwa mara ya tatu, anasema ananitunzia nafasi kando yake, nije kabla Du-cheol hajaitandazia miguu. Nimejibu nina kazi. Niko jikoni, nimevaa koti, nimejikunyata juu ya simu, maana kazi hii inataka utulivu.

Nimeagiza vidhibiti vingine vinne. Kila chumba na chake! Kila mtu atakuwa na moto wake, kwa kipimo chake, na mlango wake aufunge joto lisitoke. Nilipomweleza Yeong-nim, alitikisa kichwa. Akasema akili nyingi huondoa maarifa, akachukua sahani ya viazi vitamu, akarudi kule.

Hajaelewa. Mama ataelewa. Kuanzia wiki ijayo hatalazimika tena kubanana na mtu yeyote.