Wageni Elfu Kumi na Moja wa Dalali Leodegar

Jumanne, tarehe 14 Mei 2002, saa nne na dakika ishirini asubuhi, mvua ya masika ilikatika juu ya Kariakoo ghafla, kama mtu aliyekumbuka shughuli nyingine. Jangwani maji yalikuwa yamelala barabarani, na wateja wote wa Magomeni walibaki Magomeni. Kwa hiyo dalali Leodegar Temba, mtu wa miaka arobaini na moja, mwenye tai ya shule na viatu vilivyolowa, hakuwa na mtu wa kumwonyesha nyumba. Alijibanza mlangoni mwa duka la intaneti la Bi Zamzam, Mtaa wa Sikukuu, akazitazama kompyuta kwa dharau ya mtu asiyejua kuzitumia.

Ndani, bwana mmoja mwenye saa ya dhahabu alikuwa akikodolea macho picha ya nyumba ya Mbezi.

"Dalali gani huyo?" jirani yake akamwuliza. "Unamfahamu?"

"Simfahamu. Lakini ana tovuti, bwana. Tapeli atapata wapi tovuti?"

Leodegar aliyapokea maneno hayo kama mwanafunzi mwenye njaa aisikiapo kengele ya bwalo.

Sisi tuliolelewa bwenini tulifundishwa kutandika kitanda kwa pembe kali, kusema kweli, na kutokiri kamwe kwamba tumeshindwa. Leodegar alikuwa amebakiwa na la kwanza na la mwisho. Kwa miaka kumi na miwili alikuwa amewatafutia watu mia nne mahali pa kulala, ilhali yeye mwenyewe alipanga chumba kimoja Mtaa wa Narung'ombe, ambamo akinyoosha mkono aligusa jiko na akinyoosha mguu aligusa mlango. Sasa alikuwa amepata kiwanja Kimara. Mwenye kiwanja, Mama Euphrasia, alitaka milioni moja na laki mbili kabla ya Juni kwisha. Baada ya hapo angempa mwingine. Leodegar alikuwa na laki tisa. Laki tatu zilizopungua ndizo zilizomnyima usingizi.

Bi Zamzam alimtengenezea tovuti, naye akamtafutia mpangaji wa chumba cha uani. Juu ya ukurasa ilikaa picha ya Leodegar ameshika mkonga wa simu ambayo haikuunganishwa popote. Chini yake ukafuata wasifu uliomtaja kuwa mtaalamu wa makazi wa kimataifa, kwa kuwa aliwahi kufika Mombasa. Mwishoni kabisa Bi Zamzam aliweka kihesabio, yaani tarakimu zinazoongezeka kwa moja kila mtu anapoufungua ukurasa.

Baada ya siku nne kihesabio kilisoma tatu.

"Wageni wangu ni akina nani?" Leodegar akauliza.

"Wewe, wewe tena, na mimi nilipobonyeza kwa makosa."

Mtu dhaifu angekata tamaa. Leodegar alivua koti, akalipia saa nzima, akaanza kuufungua ukurasa wake, kuufunga, na kuufungua tena. Kesho yake alirudi, na keshokutwa. Kwa wiki nne hakukosa hata siku moja, kwa nidhamu ambayo laiti angeipeleka kwenye hesabu za kidato cha nne, angekuwa mhandisi.

"Kaka Leo, unajitembelea tena?" Bi Zamzam alimtania.

"Dada, asiyejitembelea atatembelewa na nani?"

"Sawa, lakini siku moja jikaribishe chai basi."

Ikumbukwe kwamba mtu akijitembelea mara elfu kadhaa, hatimaye huanza kumheshimu mwenyeji. Mwezi Juni Leodegar alikuwa akitembea Kariakoo kama mtu anayetazamwa.

Nyumba aliyoichagua kuwa ndoano ilikuwa ya Mzee Natvarlal, muuza vitambaa wa Mtaa wa Uhuru. Mzee huyo alikuwa na jengo Mtaa wa Mkunguni ambalo ghorofa yake ya pili ilikuwa tupu. Leodegar alikuwa ameipiga picha na kuiweka ukurasani tangu mwanzo, akiwa barabarani, kando ya muuza mihogo, kwa sababu mtaalamu wa kimataifa hapandi ngazi. Tarehe 18 Juni aliingia dukani na karatasi iliyochapwa rangi.

"Shikamoo, mzee. Shikamoo, mama."

"Marahaba," akajibu Natvarlal. Mkewe, Bi Harshida, aliyekuwa akipima kitambaa kwa futi ya chuma, aliitikia bila kuinua kichwa.

"Mzee, jengo lako limeingia duniani. Tazama. Watu elfu kumi na moja, mia nne na sita wameliona. London wanaliona. Toronto wanaliona."

Natvarlal alivaa miwani. "Elfu kumi na moja? Wote wametazama bure?"

"Ndiyo maana nimekuja. Kwa laki tatu tu nitaliweka ukurasa wa mbele miezi sita. Mpangaji atapatikana ndani ya wiki. Kodi unayodai sasa ni laki na nusu kwa mwezi, na hao wa ng'ambo watatoa laki tatu bila kukohoa."

Mkono wa Natvarlal ulikwisha kuelekea kwenye droo. Hapo Bi Harshida akaiweka futi chini.

"Bwana Leodegar, una hakika na hao watu?"

"Mama, mimi nilisoma shule ya bweni. Sisi hatutii chumvi."

"Vizuri. Basi sisi ni wazee, ukurasa wa mbele wa nini? Ichukue wewe ghorofa. Sisi tupe laki na nusu kwa mwezi, miezi sita mbele, kama desturi. Wewe wapangishe hao wa London kwa laki tatu. Faida yote yako."

"Mama, mimi ni dalali tu..."

"Kwani unaogopa? Watu elfu kumi na moja, hata mmoja hatakuja?"

Kukataa kulikuwa na tafsiri moja tu, nayo haikufaa kutamkwa na mtu mwenye tai ile. Isitoshe, Leodegar alikwisha kupiga hesabu kichwani, na kiwanja cha Kimara kikaota nyumba, nyumba ikaota ua. Miezi sita kwa laki na nusu ni laki tisa kamili. Jioni hiyo alizileta, akatia sahihi, akapokea ufunguo. Kwa desturi ya mjini mpangaji humlipa dalali kodi ya mwezi mmoja. Leodegar, sasa dalali na mpangaji, alijidai ada hiyo mwenyewe, kisha kwa moyo wa huruma akajisamehe.

Siku tatu zikapita, kisha sita. London hawakukohoa wala hawakutoa. Siku ya tisa alikuja mteja mmoja tu, mwalimu aitwaye Josepha, ambaye tovuti hakuwahi kuiona. Alielekezwa na muuza mihogo. Alipanda ngazi, akapita moja kwa moja hadi jikoni, akafungua bomba. Bomba likashusha pumzi ndefu.

"Kaka, hapa panatoka hewa. Nitafulia hewa?"

"Labda yamekatika leo tu, mwalimu."

"Leo? Yule wa mihogo ameniambia maji hayapandi hapa tangu mwaka tisini na saba. Mimi nikasema ngoja nihakikishe. Kwani wewe hukufungua bomba kabla ya kulipa? Dalali mzima!"

Leodegar alisimama mbele ya bomba hilo kwa muda mrefu kuliko alivyowahi kusimama mbele ya kitu chochote tangu sala za asubuhi.

Ijumaa, tarehe 28 Juni, ikiwa zimebaki siku mbili Mama Euphrasia ampe mtu mwingine kiwanja, alirudi dukani bila tai.

"Shikamoo, mama. Naomba mnirudishie fedha zangu. Hata nusu. Ghorofa haina maji, nanyi mlijua."

"Marahaba. Kaa." Bi Harshida akamsogezea kigoda. "Nitakuuliza jambo moja, unijibu kweli. Wale watu elfu kumi na moja ni nani?"

Somo la kusema kweli, lililopotea kwa miaka zaidi ya ishirini, likarejea bila kubisha hodi.

"Ni mimi, mama."

"Wote?"

"Kasoro mmoja. Alibonyeza kwa makosa."

Natvarlal alicheka hadi akavua miwani akaifuta. Bi Harshida hakucheka. Alitoa mkataba kutoka kwenye droo, akaulaza juu ya kitambaa mbele ya Leodegar.

"Mwanangu, nimepangisha nyumba mjini hapa miaka thelathini. Wapangaji huja kutazama mara moja, wakizidi sana mara mbili. Wewe umeitazama nyumba yangu mara elfu kumi na moja, kisha ukalipa. Siwezi kusema nilikuficha kitu. Hatukurudishii hata senti."