Marufuku Kutumia Kipaji Bila Kibali

Nchi nzima hii hakuna mtu aliye karibu na maendeleo ya soka kuliko mimi. Ofisi yangu imepakana na ofisi ya Mkurugenzi wa Kituo cha Taifa cha Vipaji Vichanga vya Wasichana, dirisha langu linatazama uwanja, na hakuna kikao kilichowahi kuanza kabla sijaingia. Ni kweli kwamba nikiingia huwa nimebeba birika. Ni kweli pia kwamba hiyo ofisi yangu ina masufuria na moshi. Lakini ukaribu ni ukaribu, na darasa langu la saba linanitosha kueleza mambo makubwa niliyoyaona, hasa kwa kuwa wenye digrii walioyaona pamoja nami wameamua kunyamaza.

Siku wasichana walipowasili, Mkurugenzi alitukusanya wote barazani, akapanda juu ya kiti, akafunga kifungo cha koti.

"Kuanzia leo," akatangaza, "nchi yetu imeachana rasmi na mpira wa kubahatisha! Tunaingia katika Mkakati Shirikishi wa Uibuaji, Ulezi na Uhifadhi wa Vipaji Vichanga!"

Tukapiga makofi mpaka viganja vikawasha. Mlinzi wa getini akaninong'oneza, "Bibi, hiyo maana yake nini?"

"Maana yake vikao vitaongezeka," nikamwambia. "Na chai pia."

Sikukosea.

Katika maneno yale marefu, neno zito lilikuwa hilo la uhifadhi. Mkurugenzi alitufafanulia vizuri sana. Kipaji, alisema, ni kama sabuni: ukikitumia ovyo kinaisha. Kwa hiyo mipira yote ilifungiwa stoo ndani ya mifuko yake ya nailoni, isije ikachubuka. Njumu zikatundikwa ukutani mapokezi, wageni wazione. Na uwanja, jamani, uwanja! Nyasi za kijani, nyavu nyeupe pee, chaki imenyooka. Huo haukuruhusiwa kukanyagwa na mtu mpaka Waziri aje kuuzindua. Naye Waziri alikuwa anakuja. Mara ya kwanza hakuja kwa sababu alisafiri kwenda kutazama viwanja vya wenzetu. Mara ya pili hakuja kwa sababu ya mvua. Mara ya tatu hakuja kwa sababu mvua haikunyesha, na nyasi zisingetoka vizuri kwenye picha.

Msichana mmoja, golikipa, alijaribu kuuliza.

"Mkurugenzi, tukimbie hata pembeni tu?"

"Mwanangu, uwanja haujazinduliwa. Kiserikali, haupo. Sasa wewe unataka kukimbia pembeni mwa kitu ambacho hakipo?"

Mtoto akafikiri, akaona kweli amekosa adabu, akaomba radhi.

Nyasi zikarefuka. Wakaletwa mbuzi wa shemeji yake Mkurugenzi kuzipunguza. Wao waliruhusiwa, maana hawana kipaji cha kuhifadhiwa. Wakanenepa, wakapata pumzi. Kulikuwa na beberu mmoja akipanda na upande wa kulia kama umeme, kisha anarudi kukaba, ambaye, Mungu anisamehe, ningempa namba.

Usidhani wasichana walikaa bure. Semina zilikuwepo, tena mfululizo. Asubuhi walisoma Falsafa ya Kona. Mchana walifundishwa kusimama kifua mbele wakati wa wimbo wa taifa. Jioni ilikuwa zamu ya Mahojiano Baada ya Mchezo.

"Tumefungwa," walikuwa wanakariri ukumbini, sauti moja, "lakini tumejifunza."

"Rudieni!" mwezeshaji anasema. "Shusheni pumzi kwanza. Tazameni chini kidogo. Sio sana, msije mkaonekana mna hatia."

Nchi nyingine watoto hucheza miaka mingi ndipo wanajua kueleza kwa nini wamefungwa. Wetu walijua kueleza kabla ya kugusa mpira. Haya ni maendeleo, sijui kwa nini watu hawayasemi.

Alikuwepo mmoja tu wa kutuharibia utaratibu. Tulimwita Sumaku, kwa sababu huko alikotoka mpira ukimfikia mguuni haubanduki. Yeye semina zilimwingia sikio hili zikatokea lile. Jioni moja akaja jikoni, akaegemea mlango.

"Bibi, nina jambo."

"Kama ni ukoko, umekwisha."

"Sio ukoko. Mwaka huu ukiisha, mimi ni mkubwa kwa timu ya wasichana wadogo, wale wa chini ya miaka kumi na saba. Sitachaguliwa tena. Na kocha wa taifa hachagui mtu kwa kusimuliwa, lazima akuone. Bibi, miguu yangu inaganda."

"Sasa mjukuu wangu, mimi nikufanyieje? Sina mpira."

Macho yake yakatembea, yakatua kwenye kapu langu.

"Una kabeji," akasema.

Jamani. Nimeona mengi, lakini kabeji kupigwa danadana nilikuwa sijaona. Goti, bega, kisigino, kichwa, inashuka taratibu kifuani, inarudi mguuni. Majani ya juu yakawa yanabanduka yenyewe, kazi ya kumenya ikanipungukia. Tangu jioni hiyo kituo kizima kikawa kinakula kabeji laini ajabu. Mkurugenzi mwenyewe aliisifu, akasema huo ndio mchango wa jiko katika mkakati. Sikuona haja ya kumchosha na maelezo.

Hatimaye ikafika siku Waziri alipokubali kuja. Mvua ilikuwa imenyesha kiasi, picha zingetoka. Tena tukaambiwa ataongozana na kocha wa timu ya taifa ya wasichana wadogo, mama mmoja asiyecheka ovyo, aje achague. Sumaku hakulala. Alfajiri yuko jikoni kwangu ananyoosha miguu, na kabeji imemtulia kwenye shingo, yeye ameinama. Ndipo Mkurugenzi akaingia kuonja sambusa za wageni.

Akamtazama. Akaitazama kabeji.

"Hicho nini?"

"Kabeji, Mkurugenzi."

"Naona ni kabeji. Imefikaje shingoni?"

"Nimeipandisha."

"Kwa kibali cha nani? Nani amekuruhusu kutumia kipaji?"

"Kwani kipaji si changu?"

"Kilikuwa chako ulipokuwa nje. Ulipopita lile geti kikawa cha kituo. Funga mzigo wako. Leo hii unarudi kwenu."

Nikaweka mwiko chini. "Mkurugenzi, tafadhali. Katika watoto wote hawa, huyu ndiye anayeujua mpira. Na leo ndiyo siku ya kocha kuja."

"Ndiyo maana aondoke!" akasema, kama mtu anayemwonea huruma mjinga. "Huyu akicheza, wale wengine si wataonekana hawajui? Sisi hapa tunajenga usawa." Akachukua sambusa mbili, akatoka.

Sumaku hakulia mbele yake. Alilia baadaye akifunga begi, akasingizia vitunguu. Vitunguu nilikuwa sijaanza kukata.

Akaambiwa akasubiri gari la kituo kwenye maegesho, nyuma ya uzio wa uwanja. Gari lenyewe lilikuwa limekwenda kufuata zulia jekundu. Kwa hiyo akakaa juu ya begi lake, karibu na dirisha langu, magari ya msafara yanaingia, madereva wanashuka, mashati meupe, miwani myeusi. Mimi nampitishia chai dirishani, hataki.

Sherehe ilifana. Utepe ukakatwa. Mbuzi wakafukuzwa, yule beberu kwa shida. Hotuba ya Mkurugenzi ilikuwa ndefu na tamu, nayo ilisikika vizuri, maana vipaza sauti vilifungwa mpaka juu ya paa la jiko langu. Kisha mpira ukatolewa kwenye nailoni yake, wasichana wakagawanywa pande mbili, wakasimama kwa ajili ya wimbo wa taifa. Vifua mbele! Nakuapia, sijaona taifa likisimamiwa vizuri namna ile. Kama mchezo ungeishia hapo tungekuwa mabingwa.

Lakini filimbi ikapulizwa.

Wasichana wakatazamana. Mmoja akaurushia mpira mguu, ukamkosa, mwenzake akamwomba radhi kwa niaba ya mpira. Mwingine alikimbia mpaka katikati, akashika magoti, akakaa. Winga wetu wa kushoto alifika peke yake mbele ya goli tupu, akasimama, akashusha pumzi, akatazama chini kidogo, akasema, "Tumefungwa, lakini tumejifunza." Na hakuna aliyekuwa amefunga.

"Nidhamu hiyo, Mheshimiwa!" Mkurugenzi anamwambia Waziri, na kipaza sauti hajakizima. "Tazama nidhamu!"

Waziri alitazama saa. Kocha wa taifa alishusha kofia yake ikamfunika macho.

Ndipo golikipa wetu, yule wa kuuliza maswali, akakutana na mpira. Aliupiga kwa uchungu wa semina zote. Ukapaa, ukavuka goli, ukavuka uzio, ukashukia maegesho.

Sumaku hata hakunyanyuka vizuri. Aliupokea kwa kifua, ukatua mguuni kama uliotumwa kwake.

"Lete mpira huo, binti," dereva mmoja akamwambia. "Wakubwa wanasubiri."

"Njoo uuchukue."

Akaenda. Akarudi mikono mitupu. Wakaenda wawili. Mmoja akavua koti, akisema ngoja nimfundishe adabu mtoto huyu. Akafundishwa yeye. Dereva wa Waziri mwenyewe, pande la mtu, akaja na kasi zote, akapigwa tobo. Miwani ikaenda huku, heshima ikaenda kule. Wenzake wakapiga kelele, "Mzee, funga miguu! Funga miguu!" Na binti anacheza huku machozi ya asubuhi bado hajayapangusa.

Huku uwanjani mpira haurudi. Watu wakaanza kunyanyuka kwenye viti, mmoja mmoja, wakageukia uzio. Waziri akanyanyuka. Kocha wa taifa alikuwa ameshafika kwenye uzio, sijui alipita wapi.

"Wewe ni wa kituo hiki?" nikamsikia anamuuliza.

"Nilikuwa, mama. Nimefukuzwa asubuhi."

"Umefanya nini?"

"Nimecheza."

Kocha akapandisha kofia yake. "Begi lako lipo wapi?"

"Hili hapa."

"Lipeleke kwenye gari langu, lile la bluu. Wiki ijayo tuna kambi. Nyumbani nitawapigia mimi mwenyewe."

Sumaku akasimama pale kama hakusikia. Nikamfokea kupitia dirishani, "Nenda, mtoto, kabla mkakati haujabadilika!"

Kule kwenye zulia hawakuyasikia hayo. Waziri alikuwa amechangamka kwa mara ya kwanza tangu ashuke garini.

"Mkurugenzi, yule msichana ni nani?"

"Yule, Mheshimiwa?" Nikaona koti la Mkurugenzi linajaa hewa. "Yule ndiye zao letu bora! Nimemwibua mwenyewe, nimemlea mwenyewe. Namjua ndani nje, kama mwanangu wa kumzaa. Nilimficha makusudi kule nyuma, iwe kama zawadi ya kushtukiza."

"Safi sana! Anaitwa nani? Mwite aje, tumpigie makofi."

Hapo Mkurugenzi akakwama. Tangu msichana yule aje, hakuwahi kumuuliza jina. Wote aliwaita "rasilimali". Nikamwona anapepesa macho, anatafuta kichwani jina la kike, lolote lile. Na katika kituo kizima jina la kike alilolijua lilikuwa moja tu, la yule anayempelekea chai. Akakishika kipaza sauti kwa mikono miwili, akaliita jina hilo kwa fahari, likatoka juu ya paa langu likaenda mpaka barabarani.

Mimi nimelelewa kuitika nikiitwa. Kichwa hakikuwahi kufikiri.

"Abee!" nikaitika, nikatoka jikoni na aproni yangu na mwiko mkononi, nikapita getini, nikakanyaga uwanja wa taifa, nikaenda kusimama mbele ya zulia. Watu wote wakageuka. Madereva wakaacha kuhema.

Waziri akanitazama kutoka kilemba mpaka kandambili, akanitazama tena, taratibu.

"Mkurugenzi," akasema, "na huyu naye yuko chini ya miaka kumi na saba?"

Na Mkurugenzi, ambaye tangu aajiriwe hajawahi kumjibu mkubwa hapana, akasema kwenye kipaza sauti, "Ndiyo, Mheshimiwa."