Tuazimeni Historia ya Netherwick

Kitongoji cha Kalasi,
Karibu na Pito, Sumbawanga.

Ndugu Mwenyekiti wa Kijiji cha Netherwick, Uingereza,

Salaam nyingi. Sisi hatujambo, ila baridi ya mwezi wa saba inatutafuna. Mjukuu wangu Jane, mwalimu huko Msanzi, amenisomea kwenye simu yake habari zote za kijiji chenu mpaka uji wangu ukapoa. Nimesikitika sana, na ninalalamika hivi:

1. Ninyi mko watu mia moja arobaini na mmoja, na mna historia kurasa thelathini. Sisi tuko mia sita, hatuna hata mstari. Afisa Mtendaji wetu, Bwana Ambakisye, ametangaza kwamba kitongoji kisicho na historia ya maandishi kufikia mwisho wa mwezi kitaunganishwa na jirani, na jina lake lifutwe. Jirani zetu ni wale wa ng'ambo ya kijito, watu wanaochoma nyasi badala ya kuzifukia kwenye matuta. Nife nikiitwa mwenzao?

2. Kijito chenu mtu anakiruka bila kukunja suruali, lakini mmekiandikia ukurasa mzima, pamoja na mlevi aliyezama humo mwaka 1743. Kwetu walevi waliozama ni wanne na hakuna aliyeandikwa. Huo ni ubaguzi.

3. Kilima chenu kina mita sitini. Mimi nikikaa chini hapa nyanda za juu kumenya viazi, nimekipita kimo mara thelathini. Nani ameniandika?

4. Wazungu walipofika huku kwetu Ufipa waliuliza jina la kila mlima, mto na chifu, wakaandika, wakaondoka na madaftari. Sasa ninyi, watu wachache hivyo, mna kurasa thelathini. Nashuku zetu zimo humo.

5. Kwa hiyo tuazimeni historia yenu. Tutabadili vitu vidogo tu: kondoo wenu wawe ng'ombe, na yule bwana mkubwa wenu aliyejenga daraja tumwite Isdori. Bwana Ambakisye ni mtu wa Mbeya, hatajua. Mke wangu Rozina anasema huu ni wizi mtupu, mzee mzima sina haya. Nimemwambia kurudishiwa chako si wizi.

Wasalimie wote mia moja arobaini, na huyo mmoja aliyezidi.

Ni mimi, jirani yenu wa mbali,
Mzee Fabiani

Nyongeza: Rozina amekataa nifunge bahasha bila kusema ukweli. Historia ya Kalasi iliandikwa. Marehemu katekista Lazaro alijaza daftari zima, akaniachia nilitunze. Karatasi zake zilikuwa laini, ukisokota sigara zinashika tumbaku vizuri mno. Machifu niliwavuta mwaka ule wa mvua nyingi, vita vikaisha wakati wa Kwaresima. Umebaki ukurasa mmoja, umeandikwa kwamba mtunzaji wa historia hii ni Fabiani. Huo siwezi kumpelekea Bwana Ambakisye. Kwa hiyo fanyeni haraka.