Mwezi Uliomnyoa Mzunguko

Mtu pekee niliyewahi kumwona akiupangia mwezi saa ya kufika, kana kwamba mwezi ni tarishi wake, ni jirani yetu wa ghorofa ya tatu. Tulimwita Mzunguko, na jina alilichuma kwa jasho lake. Kwake kila kitu kilikuwa na mzunguko! Ukikohoa, alikwambia huo ni mzunguko wa mafua, utulie upite. Bomba la jikoni kwake lilipoanza kuvuja, hakuita fundi. Alisema uvujaji nao una mzunguko wake, utakwisha wenyewe. Likavuja, likavuja, mpaka dari la jirani wa chini likavimba kama shavu la mwenye jino bovu.

Jirani wa chini ni mimi.

Kazi yake ilikuwa kuuza miwani. Mwenyewe alivaa miwani ya vioo vitupu, visivyokuza wala kupunguza chochote, kwa sababu, alisema, kichwa chenye akili lazima kiwekewe fremu. Na chini ya fremu hiyo kulikaa masharubu. Masharubu, jamani! Mapana kama usukani wa baiskeli, yamepakwa mafuta, yamechanwa, ncha zimepinda juu kama zinataka kumnong'oneza siri puani. Akipiga chafya, sisi wa mbele tulipata upepo mara mbili.

Siku moja alishuka hadi kwa kinyozi, pale chini ya jengo letu, akasimama mlangoni bila salamu.

"Jumamosi ijayo mwezi utapatwa," alitangaza. "Saa mbili usiku. Si wote. Kipande tu, cha chini, upande wa kushoto."

Mimi nilikuwa kwenye benchi nikisubiri zamu, na kwenye kiti alikuwa amekaa shemeji yake, mdogo wa mkewe, fundi bomba. Nusu ya kichwa imenyolewa, nusu inasubiri.

"Nani kakwambia, shemeji?"

"Hesabu! Unakumbuka siku ya harusi yangu, saa mbili usiku, nilipokuwa natoa hotuba, mwezi ukamegwa?"

Nani asiyekumbuka? Ukumbi mzima ulitoka nje kuangalia mwezi, akabaki yeye, kipaza sauti na keki. Na hotuba hakuikatisha.

"Basi sikilizeni, mtoke gizani," aliendelea Mzunguko. "Kupatwa kwa mwezi hakuji ovyo kama wageni wenu. Jua, dunia na mwezi vinarudi kujipanga kwenye mstari uleule, na kivuli cha dunia kinaumega mwezi vilevile, kila baada ya miaka kumi na minane, siku kumi na moja na theluthi. Hesabuni tangu harusi yangu. Jumamosi hiyo!"

"Theluthi ya nini?" aliuliza kinyozi.

"Ya siku."

"Na umeiweka wapi kwenye hesabu?"

"Sijaiweka popote! Hiyo ni chenji, bwana. Mtu umekwenda safari ya miaka kumi na minane, ubabaike na theluthi?"

Mke wa Mzunguko alikuwa ndiyo kwanza amefika kuchukua ufunguo, nguo zina vumbi la unga. Alifanya kazi kiwanda cha mikate.

"Kumbe tarehe ya harusi yetu unaijua!" alisema. "Miaka yote naambiwa imekutoka kichwani!"

Mzunguko alikohoa. Bila shaka ulikuwa mzunguko wa mafua.

Fundi bomba alikaa sawa kwenye kiti. "Shemeji, tuwekeane. Mwezi ukimegwa usiku huo, wakati wowote kabla jua halijachomoza, nakutengenezea lile bomba, na dari la jirani juu yake. Usipomegwa, masharubu yanatoka."

Hapo nikasogea karibu. Mambo ya dari yananihusu.

"Wakati wowote?" Mzunguko alivuta pua kama amenusa soksi. "Wakati wowote ni lugha yenu mafundi. 'Nitakuja wakati wowote', na mtu anakungoja mpaka anaota ukungu! Mimi ni mtu wa sayansi. Nimesema saa mbili. Robo saa ikipita mwezi haujaguswa, ninyoeni!"

"Chukua usiku mzima, shemeji. Nakupa bure."

"Sitaki!"

"Chukua, jirani," nilimsihi, macho yangu yakiliona dari langu. "Usiku mzima ni mkubwa."

"Nimekataa! Mkinipa usiku mzima mnanitukana!"

Wakapeana mikono. Kinyozi akawa shahidi, na macho yake hayakutoka kwenye yale masharubu tena. Alikuwa na njaa nayo ya miaka.

Jumamosi jua lilipozama tulipanda paani, jengo zima. Mzunguko alivaa suti ya harusi. Kifungo kimoja kilikubali kufunga, vingine viligoma. Kisha akatugawia miwani nyeusi kutoka dukani kwake.

"Ya nini?" aliuliza nesi mstaafu wa ghorofa ya kwanza. "Mwezi hauumizi macho."

"Mama, wewe ulitibu majipu. Anga niachie mimi."

Tukavaa. Tukawa kama kundi la majambazi kwenye mkutano. Mzunguko akaanza hotuba, ileile ya harusini kwa jinsi nilivyoisikia, ila sasa keki haikuwepo. Alitufafanulia kivuli cha dunia, akawa yeye ndiye dunia, mkewe jua, na shemeji yake mwezi.

"Sogea kushoto, mwezi!" alimwamuru shemeji. "Unakuwa mwezi gani wewe mwenye kitambi?"

Saa mbili ikafika.

"Umezimika!" nesi alipiga kelele. "Mungu wangu, umezimika wote! Hata nyota hakuna!"

"Nilisema mimi!" Mzunguko alirusha mikono juu. "Nilisema!"

Tukavua miwani. Mwezi ule pale, mzima, mnono, unang'aa kama sahani iliyotoka kuoshwa. Kilichozimika kilikuwa miwani.

"Saa zenu zinakimbia," alisema Mzunguko.

Tukasubiri. Kiwingu kimoja kikapita, akakirukia. "Hicho! Kinaanza!" Kiwingu kikaenda zake. Jasho likamtoka, mafuta ya masharubu yakaanza kuyeyuka, ncha moja ikalala shavuni. Tukasubiri mpaka robo saa ikapita, na mwezi haukupungua hata unyoya.

"Shemeji," alisema fundi bomba taratibu, "hata mimi roho inaniuma. Lakini nilikupa usiku mzima."

Kinyozi tayari alikuwa na mashine mkononi. Sijui aliitoa wapi. Nadhani alipanda nayo ikiwa inanguruma mfukoni.

Walimkalisha kwenye kiti cha plastiki, taulo shingoni. Mwanga wa mwezi ulikuwa mwingi kiasi kwamba hakuna aliyehitaji kushika taa. Krrrr upande huu, krrrr upande ule, na fahari yote ya ghorofa ya tatu ikaanguka kwenye mapaja ya suti ya harusi. Usiku ule mwezi haukupatwa. Aliyepatwa ni yeye!

Mkewe alimsogelea, akamtazama kwa muda mrefu. Juu ya mdomo palikuwa pamepauka kama ukuta uliong'olewa picha.

"Kwa hiyo miaka yote hii," alisema, "huo ndio mdomo nilioolewa nao?"

Mzunguko alishuka ngazi ameshika mdomo kwa kiganja, akajitupa kitandani na suti yake.

Sasa, mkewe zamu yake kiwandani ilianza kabla ya mapambazuko. Alifungua mlango wa jengo, akatazama juu, mkoba ukamponyoka. Akapanda ngazi mbio, akigonga milango yetu njiani, mpaka chumbani kwake.

"Baba watoto, amka! Mwezi unamegwa!"

"Na wewe pia?" Sauti ilitoka chini ya mto. "Wengine sawa. Mke wangu wa ndoa, na wewe umekuja kunicheka?"

"Sikucheki! Kipande cha chini, upande wa kushoto, vilevile ulivyosema! Amka uone, nakuomba!"

"Toka! Funga mlango!"

Alisimama pale kidogo, mkono kwenye kitasa. Alinisimulia baadaye kwamba alitaka kumvuta mguu. Kisha akaufunga mlango.

Sisi wengine tulikuwa barabarani na malapa, wengine na mataulo. Kivuli kilikuwa kimeula mwezi kwa mdomo wa mviringo, laini, polepole, na kipande kilichomegwa kikawa na rangi ya moshi. Hata kinyozi alivua kofia. Walioikosa shughuli hiyo kwenye jengo zima ni watoto wachanga na mgunduzi wake.

Asubuhi Mzunguko alipata habari kutoka kwa kila mdomo uliokuwa na masharubu na usiokuwa nayo. Alirudi kwenye kitabu alikoitoa ile hesabu, akasoma mpaka mwisho kwa mara ya kwanza. Theluthi ya siku ni saa nane. Ile chenji! Ongeza saa nane kwenye saa mbili usiku, unapata saa kumi alfajiri. Ndiyo saa mkewe alipokuwa akiubembeleza mto.

Alishuka kwa kinyozi mbio, kitambaa mdomoni, akamkuta shemeji yake.

"Nimeshinda! Usiku uleule! Kipande kilekile! Tengeneza bomba!"

"Usiku mzima nilikupa, ukasema nakutukana," alijibu shemeji yake.

"Basi nirudishiwe masharubu!"

"Nimeshafagia," alisema kinyozi.

Mtu mwingine angekaa kimya mwaka mzima. Mzunguko alikaa kimya juma moja. Jumamosi iliyofuata alisimama mlangoni palepale, juu ya mdomo pameota vinyweleo kama mswaki uliochakaa, kidevu kiko juu kama zamani. Mkewe alikuwa nyuma yake na mikate.

"Nimesahihisha," alitangaza. "Safari hii theluthi imo! Miaka kumi na minane mingine, siku kumi na moja, na saa nane kamili. Kutoka saa kumi alfajiri tunaangukia saa sita mchana! Hakuna kukesha, hakuna kupigizana milango. Shemeji, weka dau lolote. Nyote nawakaribisha paani, saa sita mchana, tuutazame mwezi ukipatwa!"

Mkasi wa kinyozi ulisimama hewani. Tulitazamana. Fundi bomba alianza kuhesabu saa kwa vidole.

Mkewe aliweka mikate mezani.

"Baba watoto, mwezi mpevu unachomoza jua likizama, sivyo?"

"Ndivyo! Hata mtoto anajua."

"Kwa hiyo saa sita mchana, jua liko utosini, mwezi uko chini ya miguu yetu, upande wa pili wa dunia."

"Kabisa!"

"Sasa tukusaidie vipi, mume wangu? Tupande paani, au tuchimbe?"