Betri Sitini na Nne Mfukoni

Jumatatu, 4 Machi

Siku kubwa! Nimebuni betri ya kubebeka. Haifanyi kazi bado, lakini kubuni nimeshabuni.

Nieleze, wajukuu wasije wakapotea. Tuko watu kumi na wawili, tunacheza kwenye kompyuta ule mchezo wa kujenga kwa matofali, na tuna mji wetu. Daktari wa meno wa mtaa wa pili ndiye mwenye seva, ile kompyuta inayouendesha mchezo wetu, na ndiye anayeamua ni nyongeza gani iingie mchezoni. Umeme wa mji unatoka kwenye sola, upande mmoja wa mlima. Upande wa pili ni giza tupu. Daktari ametangaza kwamba atakayeandika msimbo, yaani maagizo ya kompyuta, wa betri ya kuvusha umeme kufikia Jumamosi atakuwa Fundi Mkuu.

Mpinzani wangu ni mmoja, shemeji, mdogo wake mke wangu. Anakaa kwetu. Mwalimu wa hesabu. Yeye anatengeneza betri moja ya kupanda behewa la reli. Moja! Nimecheka peke yangu mpaka mke wangu akauliza kama niko mzima.

Mke wangu naye katoa lake. Amesema meza ya sebuleni ni ya cherehani yake, na mimi nimeikalia na kompyuta mwaka mzima huku yeye anashonea sakafuni, mgongo unamuuma. Nikishinda, meza yangu moja kwa moja. Nikishindwa, Jumapili cherehani inapanda. Nikakubali papo hapo. Kiherehere changu.

Jumanne, 5 Machi

Sielewi. Betri ikikaa chini inajaa vizuri. Nikiibomoa niibebe, maana mchezoni kitu hubomolewa ndipo kiingie mfukoni, nikafika ng'ambo ya mlima nikaiweka, tupu! Nimejaribu mara kumi na tisa. Nimebeba mbio. Nimebeba polepole. Nimepita njia isiyo na kona, nikidhani labda inamwagika.

Shemeji kapita na kikombe cha chai, kaniuliza eti nikishaibomoa, chaji inaandikwa wapi. Nikamwambia haiandikwi popote, chaji si barua. Akasema ahaa, akaenda zake. Ile ahaa sikuipenda hata kidogo.

Umeme umo ndani ya betri. Utakuwa wapi kwingine? Nimeshinda nikijiuliza mpaka chakula kikapoa.

Jumatano, 6 Machi

Balaa kazini, kwenye duka la fotokopi. Huwa nachora betri zangu nyuma ya karatasi zilizoharibika. Leo dada mmoja karudi amefura. Barua yake ya maombi ya kazi ilikuwa na betri mgongoni, na waliomsaili walitumia nusu ya muda kumwuliza inachajiwaje. Bosi kanikalia kooni mpaka mchana.

Lakini nikipanga mafaili nikaona lebo. Kila faili lina lebo! Nikapigwa na wazo, langu mwenyewe kabisa, kwamba kila betri ibandikwe lebo ya chaji yake inapobomolewa. Nimerudi nyumbani mbio, nikajaribu. Imevuka mlima ikiwa imejaa! Niliruka mpaka kiti kikaanguka.

Tatizo jipya. Mchezo unarundika mfuko mmoja, hadi sitini na nne, vitu vinavyofanana tu. Kila betri sasa ina lebo yake, kwa hiyo kila moja inataka mfuko wake. Nimejaza mifuko yote kwa betri, sina pa kuweka hata mkate. Nimekufa njaa mara mbili mlimani.

Alhamisi, 7 Machi

Nimeupata ufumbuzi. Nimeuagiza mchezo usisome lebo wakati wa kurundika. Betri sitini na nne, mfuko mmoja!

Halafu maajabu. Nilishika kwanza betri moja iliyojaa, nikaongeza tupu sitini na tatu juu yake. Kuzitoa, zote zimejaa! Nimerudia mara tatu. Zote! Umeme wa bure umezaliwa sebuleni kwangu, na mimi sijui umetoka wapi. Nimeamua kutochunguza.

Shemeji akauliza itakuwaje nikianza na iliyo tupu. Nikamwambia wivu utamzeesha. Jioni nimewapigia simu majirani wote wa mjini, wamekubali kutumia betri zangu tu. Daktari pia, kwenye pampu za mgodi wake.

Jumamosi, 9 Machi

Sijui niandikeje.

Watu wote walikuwepo mchezoni, asubuhi na mapema, sauti zimejaa masikioni. Nikapita nyumba hadi nyumba nikikusanya betri zilizojaa, nizivushe zote kwa mkupuo. Nilitaka kishindo. Moja nilikuwa nayo mfukoni tayari, tupu, ya majaribio. Nikaiacha humohumo, nikarundika sitini na tatu juu yake. Sitini na nne! Nikavuka mlima nikipiga mluzi.

Nikaweka ya kwanza, tupu. Ya pili, tupu. Nilipofika ya ishirini mtu mmoja akaanza kucheka. Zote tupu! Na kule nilikotoka, mji mzima giza, kwa sababu betri zao ninazo mimi. Pampu za mgodini zikasimama. Daktari alikuwa chini akichimba. Tulimsikia akisema kuna maji, kisha hatukumsikia tena.

Ndipo treni ya shemeji ikaja polepole na betri yake moja. Ikawasha taa moja. Watu wakashangilia kama wamewashiwa dunia.

Nilivua vifaa vya masikioni nikaenda kukaa bafuni.

Jumapili, 10 Machi

Cherehani iko mezani. Naandika juu ya friji, nimesimama. Nimeumia, nisijidanganye. Mke wangu anashona ameketi wima, anaimba, na nimeshindwa hata kumkasirikia.

Fundi Mkuu, yaani shemeji, alinifundisha nusu saa nzima kwa vijiko. Eti rundo zima linafuata lebo ya kile cha kwanza kushikwa. Niliitikia kwa kichwa. Sikuambulia kitu, ila niliona vijiko vyetu vimepungua.

Nimetafakari mwenyewe na kosa nimeliona. Ni mlima. Umeme haupendi kupandishwa.

Daktari kafufuka, ila kapoteza sururu yake ya almasi, na katangaza kwamba mimi nisishike tena betri mjini. Sawa. Hajasema lolote kuhusu maji. Naanza kesho tangi la kubebeka! Msimbo ni uleule, nafuta neno betri naandika tangi. Nitashika kwanza moja lililojaa, niongeze tupu sitini na tatu, kisha niyapange yote kilimani, juu kidogo ya kituo cha treni cha shemeji. Hapo kila mtu atayaona.